Nani Anayabana Matimba?

Mabula wa Didia, Baba Limi kwa wenzake, alikuwa fundi wa matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, shimo la kuchimbia dhahabu, zisiwafukie wachimbaji. Katika miaka kumi na minane ya machimbo ya karibu na Runzewe hakuwahi kumwamini mtu moja kwa moja. Kwa mama ntilie alifunua sufuria mwenyewe ndipo ale.

Basi alipoanza kukuta asubuhi magogo yamepinda na kabari zimechomoka, hakuutazama mwamba, aliwatazama watu. Jioni akamwaga majivu mdomoni mwa duara apate kuona nyayo. Kulipokucha majivu yalikuwa vilevile. Mwingine angetulia, yeye akasema huyu mtu ni mjanja, anaruka.

Macho yakatua kwa Marwa, mgeni kutoka Tarime. Kosa lake? Kila Mabula alipoumwagia ukuta maji, kama wafanyavyo wote huko ili vumbi litoke na mshipa wa dhahabu uonekane, Marwa alimzuia.

"Shikamoo, Baba Limi. Mwamba huu wa matabaka una udongo mwingi. Ukinywa maji unavimba. Tusiuloweshe."

"Marahaba," alijibu Mabula, na moyoni akasema: ahaa, huyu hataki tuuone mshipa.

Alimsema kwa wenzake mchana kutwa, siku baada ya siku, mpaka kundi likamfukuza. Marwa akaondoka na godoro begani.

Wiki haikuisha, matimba yakabanwa tena. Safari hii njia ya kushukia ilikuwa imepungua hata bega la mtu linapita kwa shida. Mabula akaingiwa na hofu. Mbaya wake hayupo, sasa ni nani? Akakumbuka maneno ya Marwa, akapanda na kipande cha mwamba, akakitia kwenye kopo la maji, akakikodolea macho kama anavyoikodolea mizani ya muuza nyama. Kabla chai haijachemka kipande kilikuwa kimetutumka, kikapasuka, kikageuka tope.

Aibu ikamshika hadi masikio yakawaka moto. Akawatoa wachimbaji wote juu, kisha akampigia Marwa simu, tayari kupokea matusi.

"Marwa, ni maji. Ukuta unavimba."

"Kuna mtu chini?"

"Hakuna. Nimewatoa wote."

"Haya, vizuri," alisema Marwa, akakata.

Mabula alipiga tena, na tena, amwombe radhi. Simu iliita tu.