Wakili wa Waliosogea Pembeni

Mjini Norvall, kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, Marekani, ukigonga gari la mwenzako ukaondoka, utamwambia kwanza mkeo, halafu mchungaji, halafu utapanda ngazi za duka la vifaa vya ujenzi kwenda kwa Marlys Kettunen. Wengi walianzia kwa Marlys moja kwa moja, maana kahawa ya mchungaji ilikuwa nyepesi mno.

Marlys alikuwa binti wa dereva wa gari la kukwangua theluji. Alikuwa na mabega mapana, na sauti yake ilitosha kuita ng'ombe wa mashamba mawili. Wenzake wa chuo kikuu walibaki mijini kutetea makampuni. Yeye alirudi nyumbani akafungua ofisi juu ya duka hilo, akawa wakili pekee mjini. Aliandika wosia, aliamua ugomvi wa mipaka, lakini watu aliowapenda hasa ni madereva walioshtakiwa kwa kuondoka mahali pa ajali. Alimtetea mama mmoja aliyeangusha sanduku la barua la jirani yake, akarudi kwanza nyumbani kuoka pai ya tufaha ya kuombea radhi. Kwa polisi, muda wote pai ilipokuwa jikoni ulikuwa muda wa kutoroka. Alimtetea pia mzee aliyekwaruza gari la mjane nje ya kanisa, akangoja ibada iishe ndipo amwambie, kwa kuwa si adabu kumkatiza mtu katikati ya wimbo.

"Kuna kukimbia na kuna kusogea," alikuwa akiwaambia mahakimu. "Anayekimbia hataki kujulikana. Anayesogea hataki tu kuwa kizuizi."

Sheria ya kusimama ni sheria njema. Inamlinda aliyelala barabarani akivuja damu, na dereva aliyemwacha majeruhi hakupata kiti kwa Marlys kabla ya kuambiwa usoni alichokifanya. Lakini sheria hiyohiyo ikishikwa na mtu mvivu wa kusikiliza, inawanasa wapole na kuwaachia wajanja, kwa sababu mjanja ana maneno na mpole hana. Haki isiyoweza kumsikia mtu mkimya ni haki ya wenye midomo tu. Jambo hilo lilimchoma Marlys tangu ujana wake, na halikuwahi kupoa.

Mwisho wa Februari alikuja Vern Haataja, dereva wa basi la shule. Alivua kofia, akaketi, akaitazama kahawa yake kana kwamba ndiyo iliyomwita.

"Haya, Vern. Niambie."

"Hakuna makubwa."

"Umeshtakiwa, baba."

"Ndiyo, hilo lipo."

Ilimchukua Marlys asubuhi nzima kumtoa maneno. Vern alikuwa akiendesha pikapu yake juu ya Ziwa Long Kettle lililoganda, kama wanavyofanya wote wakati wa baridi, akaelekea kwenye kibanda chake cha kuvulia samaki. Barafu ilikuwa na utelezi. Gari likateleza ubavuni, likaenda kubonyeza pikapu ya Gordy Sundvall, rafiki yake wa karata, iliyokuwa imeegeshwa kando ya kibanda cha Gordy mwenyewe. Gordy alikuwa humo kibandani, amelala, redio inaimba. Mara barafu chini ya magari yale mawili ikaanza kulia, na maji yakachungulia kwenye ufa.

Kila mtoto wa Norvall anajua la kufanya hapo. Magari mawili hayasimami pamoja juu ya barafu inayolia. Vern alifungua mkanda, akafungua na mlango ili aweze kuruka, akaliondoa gari polepole mpaka ukingoni, kwenye duka la chambo, ambako ndiko njia pekee ya kutoka ziwani. Akaliegesha, akawasha taa zote, akaingia dukani kumsubiri Gordy.

Aliyetangulia kufika, baada ya mvuvi wa mbali kupiga simu, ni Afisa Castellano, polisi mpya aliyehamia kutoka Chicago.

"Akakuuliza nini?" Marlys alisema.

"Kama ni mimi niliyegonga."

"Nawe ukajibu?"

"Kwamba mtu aliteleza kidogo pale."

Marlys alifunga macho. "Endelea."

"Akauliza huyo mtu amekwenda wapi. Nikamwambia mtu hawezi kukaa pale, barafu inavyolia. Mtu anaondoka."

Hapa ndipo mkosi wenyewe ulipoingia. Watu wa Norvall hawasemi "mimi" kwa urahisi. Hakuna aliyewakataza, wanaona haya tu. Mimi ni neno la wagombea uchaguzi. Mwenyeji akiumwa jino atasema mtu analala vibaya. Akipenda, atasema mtu anaweza kumzoea yule dada. Castellano angejuaje? Alisikia kwamba kuna mtu mwingine, akazunguka ziwa zima kwenye theluji akimtafuta. Alipokosa, akarudi, akaona rangi ya gari la Gordy kwenye bampa ya Vern, na kosa moja likawa mawili: kuondoka mahali pa ajali, na kumdanganya afisa wa polisi.

Vern akitiwa hatiani, leseni ya basi ingekwenda. Alikuwa mjane, hana mtoto, na watoto wa barabara nzima ya kaskazini walikuwa wake kuanzia asubuhi hadi wanaposhuka. Tangu ashtakiwe, basi liliendeshwa na mkuu wa shule, Bwana Halvorsen, ambaye alikuwa ameshalitia mtaroni na wazazi wakamcheka mpaka dukani.

"Tufanye mazoezi," Marlys alisema. "Sema: mimi niligonga gari la Gordy."

"Gari la Gordy liligongwa."

"Na nani?"

Vern alitazama dirishani. "Kulikuwa na utelezi."

"Vern, utelezi hauna leseni! Mwenye leseni ni wewe, na hiyo ndiyo tunayoigombania."

"Naelewa."

"Basi sema mimi."

Vern alivuta pumzi, masikio yakamwiva. "Mtu anaona kama anajisifu," alisema.

Walirudia wiki nzima bila mafanikio.

Siku ya kesi hakimu wa siku zote alikuwa mgonjwa. Aliyekaa kitini alikuwa Hakimu Delacroix, mama wa mjini Minneapolis, mwenye miwani ya dhahabu na sifa ya kutopenda kupotezewa muda. Hakimu wa nyumbani asingehitaji kueleweshwa neno.

Castellano alitoa ushahidi wake bila chuki. Alisema mshtakiwa alionekana akiendesha mlango ukiwa wazi, kama mtu aliyejiandaa kuruka akimbie. Alisema alimkuta anakunywa kahawa. Alisema aliambiwa ni mtu mwingine. Kila neno lilikuwa la kweli na kila neno lilimzamisha Vern. Hakimu aliandika, na Marlys aliiona kalamu ikienda haraka kuliko alivyopenda.

Kisha mwendesha mashtaka, kijana aliyeitwa Pruett, akamwita Gordy kama mwathirika.

"Bwana Sundvall, ulijisikiaje ulipotoka ukakuta gari lako limebonyea na aliyeligonga ameshaondoka?"

"Sio vibaya."

"Hukukasirika?"

"Mtu angekasirika kama angebaki."

Pruett aligeuza karatasi. "Sijakuelewa."

"Pikapu mbili ubavu kwa ubavu, mwisho wa Februari?" Gordy alimtazama kwa huruma. "Mtu alikuwa amelala mle kibandani, bwana mdogo. Barafu ingefunguka, mtu angeamka yuko na samaki."

"Ngoja. Kulikuwa na mtu mwingine kibandani?"

"Hapana."

"Sasa aliyelala ni nani?"

"Si nimesema? Mtu."

"Mtu yupi?"

Watu wa nyuma walianza kucheka chinichini. Hakimu Delacroix aliiweka kalamu.

"Bwana Sundvall, huyo mtu aliyelala kibandani ni wewe?"

"Kwani nani mwingine alikuwepo, Mheshimiwa?"

Marlys alikuwa amekesha akitayarisha hotuba ndefu juu ya unene wa barafu. Aliifunika mezani. Aliinuka taratibu, maana alikuwa ameona mlango ukifunguka na hakutaka kuugonga kwa pupa.

"Gordy, wakati wa mapumziko niliacha donati yangu pale barazani. Nani aliila?"

"Pingamizi!" Pruett aliruka. "Donati haihusiani na kesi hii!"

"Nataka kusikia habari za donati," hakimu alisema.

Gordy aliinama. "Mtu alikuwa na njaa kidogo, Marlys. Samahani."

Mahakama nzima ilipasuka kwa kicheko. Hata Castellano aliuma mdomo, halafu uso wake ukabadilika. Ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka alivyozunguka kwenye theluji akimtafuta mwanamume ambaye alishaongea naye dukani.

Hakimu aliomba utulivu, akamwita Vern kizimbani, naye Vern akala kiapo. Sasa hakuna ambaye angeweza kumsemea.

"Bwana Haataja, ulimwambia afisa kwamba mtu aliteleza. Mtu huyo ni nani?"

Masikio ya Vern yaliwaka kama taa za breki. Huko nyuma Bwana Halvorsen alisikika akinong'ona, "Mungu wangu, sema tu, ninarudi mtaroni mimi."

"Ni yule anayeendesha basi la shule, Mheshimiwa," Vern alisema mwishowe.

"Jina lake?"

"Vernon Haataja."

"Na wewe unaitwa nani?"

"Vernon Haataja."

"Mnafahamiana?"

Vern alifikiri kwa uaminifu. "Kiasi."

Hakimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na uchafu. Sauti yake ilikuwa inapigana na jambo fulani. "Na kwa nini huyo Vernon hakusimama?"

"Alisimama, Mheshimiwa. Mahali pa kwanza penye ardhi. Angesimama pale pale, Gordy angezama, na ndiye anayemdai Vernon mchezo wa karata. Akawasha taa zote. Akakaa dirishani. Gordy hana njia nyingine ya kutoka ziwani, lazima apite hapo."

Kwa Vern hiyo ilikuwa hotuba ya mwaka.

"Mheshimiwa." Castellano alikuwa amesimama bila kuitwa. "Taa zilikuwa zinawaka kweli. Nilidhani amezisahau. Sikumuuliza."

Pruett alimtazama polisi wake kana kwamba amemwagiwa ndoo ya maji. Lakini Marlys alimwinamia Castellano kichwa, maana ujasiri wa kusema "sikumuuliza" mbele ya watu ni mkubwa kuliko wa kumkimbiza mhalifu, na ungekuwa mwingi zaidi duniani, mawakili wangelima viazi.

Alipopewa nafasi ya mwisho alisema machache. "Sheria inamtaka dereva asimame palepale, au karibu kadiri inavyowezekana. Waliotunga sheria waliwaza lami, na lami haizami. Mteja wangu alisimama karibu kadiri ilivyowezekana bila kumuua mwenzake. Kuhusu uongo, mmemsikia. Huyu hawezi hata kujitaja, atajitetea kwa uongo wapi?"

Hakimu Delacroix hakutoka kwenda kufikiri. Alisema kuondoka kunakokatazwa ni kule kwa mtu anayekwepa kujulikana, na hajawahi kuona anayekwepa akiwasha taa zote na kukaa dirishani. Kuhusu kosa la pili, afisa aliambiwa ukweli kwa lugha ya Norvall. "Mashtaka yote mawili yametupwa. Bwana Haataja, natumaini kwamba—"

Vern alikuwa ameshavaa koti.

"Bwana Haataja, sijamaliza."

"Samahani, Mheshimiwa. Watoto wanatoka sasa hivi."

Hakimu alitazama saa ya ukutani, akamtazama Marlys, ambaye alitikisa kichwa kuthibitisha. Akapunga mkono. Bwana Halvorsen alishatoa funguo mfukoni. Alizirusha juu ya vichwa vya watu, Vern akazidaka mlangoni.

Hakuna aliyesogea. Walisikia ngurumo ya basi nje, ikakohoa mara moja, ikatulia. Walilisikia likipanda kilima cha shule, gia zikibadilika laini, bila ile kelele ya chuma iliyowaamsha kila asubuhi tangu Halvorsen akabidhiwe. Mama mmoja wa nyuma alifuta machozi kwa glavu.

"Kesi inayofuata," hakimu alisema.