Anwani ya Baada ya Alasiri

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba kompyuta haikosei, damu inanichemka. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika hoteli moja ya Diani, na hapo nilimwona mama mmoja wa Msambweni akiondolewa mapokezi kwa kosa ambalo halikuwa lake.

Kila mashine kwenye mtandao lazima iwe na anwani, yaani namba yake, ndipo zile nyingine zijue pa kuipelekea ujumbe. Mwanzoni namba hizo nilikuwa nikiziandika mwenyewe, mashine baada ya mashine, na mbili zikigongana nilitukanwa na idara mbili. Kwa hiyo tulipopata seva, yaani kompyuta kuu ya kuzigawa, nilishukuru sana. Mashine ikiwashwa, inauliza kwenye waya: nani atanipa anwani? Seva inajibu na kuikopesha namba. Ubaya wake ni kwamba mashine haimuulizi anayejibu yeye ni nani. Ni kama mgeni wa arusi anayetafuta pa kukaa: wa kwanza kumwonyesha ndiye anayemfuata.

Mama huyo alikuwa zamu ya mchana. Tulikuwa tumewafundisha wote wasiache kompyuta ikiwaka bila mtu, maana stima yetu ilikuwa ikikatika na kurudi kwa kishindo. Wenzake walisikia wakapuuza. Yeye adhana ya alasiri ikilia, huizima, humwomba bawabu amwangalizie kaunta, akaenda kuswali. Akirudi na kuiwasha, orodha ya vyumba haifunguki. Wageni wamesimama na mabegi yao, naye anabonyeza na kubonyeza.

Nikiitwa, nilikwenda mbio.

"Shikamoo mama. Umegusa nini leo?"

"Marahaba mwanangu. Wallahi sikugusa kitu. Nimeizima kama mlivyotufunza, nikaenda kuswali, nimerudi ndiyo hivi."

Nilibadilisha waya. Nilibadilisha kadi ya mtandao. Kesho yake asubuhi mashine ilifanya kazi kana kwamba haijawahi kuugua, nami nikaonekana mjinga.

Aliyepiga kelele zaidi alikuwa mkuu wa safari za watalii, kijana kutoka bara aliyekuwa akiwapeleka wageni kisiwa cha Wasini kila asubuhi.

"Boss, hiyo mashine iko poa," alimwambia meneja mbele yangu. "Ni huyu mama anaiharibu. Hawa wa kitambo hawawezani na kompyuta."

Meneja akamsikiliza, na mama akahamishiwa dobi. Dada aliyepewa kiti chake hakuwa akizima chochote, na mashine haikusumbua tena. Hilo ndilo lililonikera kupita yote. Tatizo lilikoma siku aliyoondoka, na kila mtu akaona ushahidi umetimia. Nilijua pana kitu, lakini nilikuwa sina la kuonyesha.

Kisha alasiri moja stima ikakatika. Iliporudi, mashine zote ziliwashwa kwa pamoja, na kama nusu yazo hazikufungua orodha ya vyumba, ya meneja ikiwemo. Nikatazama namba iliyopewa: haikuwa ya seva yetu kabisa, na kwa namba hiyo orodha ya vyumba haifikiki. Nikafuata nyaya mpaka meza ya safari. Yule kijana alikuwa ameweka programu ya kugawana na mwenzake intaneti ya laini ya simu, na programu hiyo ilikuwa ikimgawia anwani yeyote anayeomba. Asubuhi yuko Wasini na mashine yake imezimwa. Mchana anarudi, anaiwasha, nayo inaiwahi seva kujibu. Walioacha mashine zao zikiwaka walikuwa na anwani tangu asubuhi. Aliyeomba upya alasiri alikuwa mmoja tu, yule aliyefuata maagizo yetu.

"Pole fundi," kijana alisema akicheka. "Sikujua hiyo kitu inagawa."

Nikamweleza meneja.

"Kwa hiyo sasa ziko sawa?"

"Ziko sawa. Lakini yule mama hakukosea."

"Vizuri," akasema, akashika simu yake.

Niliteremka dobi nimefura. Mama alikuwa akikunja mataulo. Nikamweleza yote, hata mambo ya anwani.

"Alhamdulillahi," akasema. "Na meneja umemwambia?"

"Nimemwambia."

Akaliweka chini taulo alilokuwa nalo, akajifuta mikono.

"Haya mwanangu. Amesema nirudi lini?"