Panya Wawili na Dawa ya Kumkumbusha Mama Njia

Mimi sijawahi kununua kitu kwa maneno ya muuzaji. Dagaa nachukua kiganjani, nanusa, natafuna, na mchanga ukilia kwenye meno narudisha gunia mbele za watu. Ndivyo nilivyotoka kubeba mizigo bandarini Kigoma mpaka nikawa na ghala langu mtaa wa Mwanga, mimi niliyeishia darasa la tatu. Waulizeni. Wenye vyeti walikuwa wakinipisha njiani.

Lakini mwaka ule watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, nilikosa raha kabisa. Mama yangu alitolewa kwenye migomba yake akapewa nyumba kijijini, upande wa Kidahwe. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara, zote sura moja, na mama akawa hajui yake ni ipi. Akitoka kuteka maji anaingia kwa watu, anapuliza moto wa wenyewe. Siku nyingine anashika njia ya porini na kijiji kizima kinaacha majembe kwenda kumtafuta. Mwenyekiti wa kijiji akanitumia mtu: njoo umchukue mama yako kabla fisi hawajamchukua. Nikaenda. Mama akakataa katakata kuja mjini.

"Nina nyumba yangu," akasema. Nilipomwambia anionyeshe, akatazama mstari ule mzima, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo nikiwa ghalani nawaza Kidahwe, nikiwa Kidahwe nawaza ghala. Usingizi wenyewe wa kuvizia. Ndipo nikasikia habari za mganga mmoja Ujiji, mtu wa ng'ambo ya ziwa, mwenye unga wa mizizi wa kufungua kichwa. Akanipa unga huo umefungwa kwa majani ya mgomba. "Changanya na mawese umlambishe kabla hajala kitu," akasema. "Njia zote zitarudi."

Na mimi nimpe mama yangu kitu ambacho sijakijaribu? Thubutu! Ghala la dagaa halikosi panya. Nikanasa wawili, nikavunja makasha, nikapanga mbao chini mafungu mawili ya sura moja, kama vichochoro vya Ujiji, vingine vikikatikia ukutani, na mwisho wa njia nikaweka vichwa vya dagaa. Kila asubuhi mmoja nilimpa ugali mtupu, mwenzake ugali wa mawese na dawa, halafu nikawaachia, kila mmoja kwenye vichochoro vyake. Fundi cherehani wa jirani alikuwa akija na kikombe cha chai kunitazama.

"Bwana mkubwa, hawa unawafundisha sala au gwaride?"

"Cheka. Siku ukisahau njia ya kwako utanililia."

"Mimi njia ya kwangu mke wangu ananiitia kwa kelele. Sihitaji dawa."

Siku za kwanza wote walihangaika. Kisha yule wa dawa akaanza kunyoosha moja kwa moja, kona hii, kona ile, mpaka kwenye dagaa, wakati mwenzake bado anagonga pua ukutani. Nilipiga makofi peke yangu kama mwehu. Nikamtangazia fundi, nikamtangazia muuza chumvi, nikawaambia hata madaktari wa serikali waje wajifunze kwangu. Nikachukua baiskeli niondoke siku ileile.

Kumbe mke wangu, aliyekuja ghalani kuniletea chakula, alikuwa ameinama kwenye mbao za yule wa dawa, mkono kiunoni.

"Baba watoto, huyu hakumbuki kitu," akasema. "Anafuata mawese."

"Mawese gani?"

"Si umemlisha mawese? Anakanyaga chakula chake, miguu inachora. Tazama alama hizi nyekundu. Kesho yake ananusa alikopita jana."

Nikatazama. Zilikuwepo, alama ndogondogo, kutoka mlangoni mpaka kwenye dagaa. Sisi watu wa huku dawa bila mawese hatuioni kama dawa. Haikunipitia akilini kwamba mawese yenyewe yangeweza kujibu badala ya dawa. Nikazisugua mbao kwa majivu na maji moto, nikamnyima panya yule mawese, nikampa unga wa mganga kwa ugali mkavu. Akaingia kona ya kwanza, akazunguka, akajikunyata na kusinzia. Siku zilizofuata ilikuwa hivyohivyo. Hata zile kona alizozipita akikimbia hakuzijua tena. Nikamwona mama akilini mwangu amekaa vile kwenye nyumba ya mtu, na unga wote nikautupa chooni.

Nikaenda Kidahwe mikono mitupu, nikiwa nimeazimia kumbeba hata kwa nguvu. Jirani zake wakaninyooshea kidole porini. "Katoka asubuhi. Tumechoka kumrudisha."

Nilimkuta mbele, anatembea na kibuyu chake bila haraka.

"Shikamoo mama. Turudi."

"Marahaba. Si ndiyo tunarudi," akasema, wala hakusimama.

Nikamfuata. Majani yalikuwa yamenipita kichwa, na mimi mtu wa kupita kila mahali sikujua tena ziwa liko upande gani. Yeye kijito kikigawanyika anashika mkono wa kulia bila kutazama. Palipoanguka mti anazunguka. Tukatokea kwenye mahame yetu, kwenye ile migomba aliyotolewa. Nyumba ilikuwa haina paa, ukuta mmoja umelala chini, nami nikaukanyaga nipite.

"Pita mlangoni!" akanifokea. "Kwani wewe mwizi?"

Nikarudi nyuma, nikapita palipokuwa mlango. Mama alikwishakaa mahali pa mafiga.

"Mama, hapa watu hawaruhusiwi kukaa tena."

"Najua. Nilikuja kuangalia tu."

Nikamwambia aje akae nyumbani kwangu mjini, mtaa wa Buzebazeba, na nitamleta huku kila atakapotaka kuangalia, nikala na kiapo.

"Na njia utaijua?"

"Nitaijua, mama. Mimi?"

Akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri. "Basi tangulia."

Nikatangulia kwa mwendo wa kiume, nikaingia kwenye majani. Sikufika mbali nikamsikia nyuma yangu:

"Siyo huko."