Samaki wa Mama Povu

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni dobi. Mtaani wanamwita Mama Povu, na yeye huitika kwa fahari. Ukimsalimu, anakutazama kola kwanza ndipo aitikie. Arusini nimemwona akimvuta bwana arusi pembeni amtoe doa mfukoni, watu wakisubiri. Miaka mingi alifua mashuka ya nyumba moja ya wageni. Nyumba hiyo ilipofungwa, mwenyewe akampa tangi la kioo lililokuwa mapokezi, pamoja na samaki wake wa mapambo.

"Utawakaanga?" nikamuuliza.

"Mchokozi wewe! Hawa ni wa kutazamwa."

Atakayewatazama nilimjua. Tangu apatwe na kiharusi, kaka alikuwa analala uso ukutani. Daktari alisema maneno anayo, kuyatoa ndiyo hataki. Mkewe akimsemesha, ukuta. Nikimsemesha mimi, niliyebebwa naye mgongoni nikiwa mtoto, ukuta vilevile.

Tukaliweka tangi juu ya meza ya kupigia pasi, tukawasha taa yake. Mwanga wa maji ukapanda darini, ukateremka ukutani, ukapita machoni pake polepole kama shuka linalopepea kambani. Akaufuata kwa macho. Shavu likabanduka ukutani, shingo ikageuka, na jioni nzima akawatazama wale samaki wakielea, wakipotea nyuma ya majani, wakirudi. Chumba kilikuwa kama kimezama chini ya maji, na sisi humo ndani tunapumua tu, hatuna haja ya lolote.

Mwenye akili zake angeishia hapo. Wifi akaona maji yana umanjano.

Akawahamishia samaki kwenye beseni, akamwaga maji yote, akasuuza changarawe mpaka zikalia. Sponji ya kuchujia maji akaisugua kwa sabuni ya mche. Akajaza maji ya bomba, kisha, kumalizia kazi, akadondosha buluu, ile ile ya kung'arishia mashuka meupe. Kupendeza yalipendeza, sisemi uongo. Ilikuwa kama amekata kipande cha anga akakiweka mezani. Lakini kesho yake samaki wakaanza kulala ubavu, mmoja baada ya mwingine, akabaki mmoja mdogo wa mistari, mdomo juu, anahema. Kaka akaona yote. Kichwa kikaanza kurudi ukutani.

"Akifa huyu, wifi, mume wangu ndiyo basi tena," akaniambia. "Nimewaua kwa mapenzi."

"Umewaua kwa buluu. Vaa viatu twende."

Muuza samaki wa mapambo alikuwa mama mmoja mkavu, hacheki hata ukimtekenya.

"Sponji uliiosha na sabuni?"

"Tena nikaisuuza vizuri!"

"Basi mle waliishi vijidudu wema, wanaokula uchafu wa samaki. Umewafagia wote. Na maji ya bomba yana dawa. Yalaze kwenye ndoo kwanza, dawa iruke." Akachomoa sponji kutoka tangi lake mwenyewe, nyeusi, inateleza, akaitia kwenye mfuko. "Weka hii. Toa maji kidogo, ongeza yaliyolala. Baada ya hapo mikono nyuma."

Wifi aliushika mfuko kwa vidole viwili kama kashikishwa panya. "Yaani nitie uchafu kwa mkono wangu mwenyewe?"

"Hata makaburi yanafagiliwa, wifi, na mle hakuna anayepumua. Twende."

Akaitia, kafumba macho. Kisha ikaanza kazi ngumu kuliko kufua: kukaa. Akitoka kwenye mabeseni yake anakuja kuketi mwisho wa kitanda, mikono kaikalia. Kando ya mlango ndoo za maji zimelala kimya, hazina hata kiwimbi. Nami nilikuja na vitunguu vyangu vya kumenya, nikajikuta kisu mkononi, kitunguu mkononi, na sijui mawazo yamekwenda wapi. Buluu ikafifia siku baada ya siku. Yule mdogo akashuka kutoka juu, akajificha kwenye majani, akashuka tena, mpaka siku moja tukamwona akidonoa changarawe kama kuku. Kaka naye alikuwa nusu ukutani, nusu kwetu.

Kioo kikaota ukijani. Wifi alivumilia, akavumilia, mwisho akainuka na kitambaa.

"Acha."

Sauti ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Tukageuka wote wawili.

"Umesema?" wifi akauliza, kitambaa kiko hewani.

"Acha. Anakula."

Kweli, samaki alikuwa amebandika mdomo kwenye kioo, anakwangua ule ukijani taratibu, mkia unacheza.

"Muda wote huu," wifi akasema, machozi yanamtiririka, "halafu unaanza kwa kunigombeza!"

"Sogea basi," kaka akasema. "Unanizibia."