Ubavu wa Kiberiti

Mkasa huu ningeukana kabisa kama nusu ya Kariakoo isingeuona kwa macho yake, kwa hiyo bora niusimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine walioongeza chumvi.

Shirika lililoniajiri lilikuwa likitulipia matibabu kwa daktari mmoja wa Upanga, Mhindi mpole, ambaye ukitakiwa kupima choo alikupa kichupa chenye kifuniko, amekiviringisha kwenye gazeti, ukatoka kwake kama umenunua marashi. Halafu ukaja waraka: kuanzia mwezi ule, kwa moyo wa kujitegemea, wafanyakazi wote tutibiwe kwenye zahanati moja ya Kariakoo. Na mimi nilikuwa nimebakiza fomu ya afya tu ili nithibitishwe kazini, fomu yenyewe ifike utumishi Ijumaa kabla ya saa sita, la sivyo nianze upya miezi sita ya majaribio.

Nilijua choo kitapimwa. Nisichojua ni chombo. Mtu wa kawaida angepita dirishani akauliza, lakini mimi nikawaza kwamba nikiuliza, karani atajua sijui (na mwenye digrii asiyejua abebee wapi choo chake, digrii hiyo ni ya nini?). Nikamuuliza Mashaka wa masjala, akajibu bila kuinua kichwa, “Kiberiti, ndugu. Shuleni ulibebea nini?”

Basi nikamwaga njiti zote, nikatandika nailoni ndani, nikafanya ya kufanya. Nikakitia mfukoni mwa shati, maana mfukoni mwa suruali kingepondeka, na mkononi watu wangeuliza. Mfukoni mwa shati, nikajisifu, ni kiberiti kama kiberiti cha mtu yeyote.

Hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu siku zile viberiti vilikuwa vimeadimika mjini, na watu walikuwa wakinunua njiti mojamoja.

Ijumaa asubuhi nilifika zahanati wa kwanza. Foleni ikajaa nyuma yangu hadi barabarani. Mzee mmoja mwenye shati la kitenge akatoka ndani, sigara mdomoni, akasimama mbele yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kijana, nisaidie kiberiti.”

Ningemnong'oneza ukweli yangeisha. Lakini nyuma yangu alikuwapo mama mmoja na binti yake, binti mwenyewe mzuri, nikaona aibu. “Hakina njiti, mzee.”

“Njiti ninayo,” akasema, akaitoa nyuma ya sikio. “Nataka ubavu tu, nikwaruze.”

“Kimelowa.”

“Kwa jua hili?”

Yule mama akaingilia. “We mwanangu, unamnyima mzee wa watu ubavu wa kiberiti? Ubavu unaisha?”

“Kina vitu vyangu,” nikasema, na kama kuna neno moja ambalo hukupaswa kulitamka Kariakoo miaka ile ya msako wa walanguzi, neno lenyewe ni hilo. “Vitu gani?” akauliza mmoja. “Dhahabu hiyo!” akasema mwingine. “Mwangalieni, tai shingoni, kumbe mlanguzi!” Nami nikakishika kiberiti kwa mikono miwili, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Mgambo wa getini akaja. “Ndugu, lete.”

“Afande, tafadhali, tuingie ndani nikueleze...”

“Unataka kunihonga?”

Akakichukua. Akakitikisa sikioni. (Nilifumba macho.) Akakifungua polepole, karibu na uso, kama sonara, na foleni nzima ikarefusha shingo.

“Astaghfirullah!” akasema yule mama, akamvuta binti nyuma. Mgambo akakirusha hadi ng'ambo ya mtaro, akabaki ameinyoosha mikono yake kama si yake.

Mzee hakucheka. Aliingia ndani, na dakika mbili baadaye akachungulia mlangoni, kavaa koti jeupe.

“Namba moja!”

Namba moja nilikuwa mimi. Yeye ndiye daktari wangu mpya.

“Kwa nini hukuniambia?” akaniuliza nilipoketi.

“Niliona aibu, daktari.”

“Kwa hiyo umeona uwaonyeshe watu arobaini, ili usimwambie mmoja.” Akafungua kabati, na ndani mlijaa vichupa vyenye vifuniko, safu kwa safu. “Vinatolewa dirishani, ndugu. Ukiuliza.”

Akanipa kimoja, akanielekeza chooni uani, na kwa hofu niliyokuwa nayo siku ile, hilo halikunichukua muda. Saa tano na nusu fomu ilikuwa na mhuri. Nilithibitishwa kazini. Mgambo naye, kila nikipita pale getini, husimama wima akaniambia, “Ndugu, naomba ubavu.”

Tangu siku hiyo nauliza. Nauliza dirishani, nauliza njiani, nauliza hata ninachokijua. Na sigara za watu naziwasha bila kuombwa, kiberiti nimekifungua kabisa, kila mtu aone njiti.