Mzito kwa Maana Yake

Katika foleni ya kliniki pale Kaloleni, nesi alikuwa akitupitishia tableti yenye picha ya mwanamke. Ukiburuta kidole anakonda au ananenepa, mpaka afanane na unavyojiona.

"Mama, unajiona mwepesi ama mzito?" alimuuliza dada mwembamba aliyeketi kando yangu.

"Mzito," akajibu, akaburuta mpaka tumbo la picha likajaa.

"Mzito wapi, na upepo utakubeba!" nesi akacheka.

"Mja mzito, sista. Mimba ya miezi sita. Ilitoka wiki jana, lakini mimi bado najiona hivi."

Nesi akamshika mkono, akaihifadhi picha vile ilivyo.

Mimi, kwenye picha yangu, nilikuwa nimejipunguza kiuno. Foleni nzima, ni yeye peke yake aliyejibu swali.