Meli Niliyomchagulia Mama Mkwe

Aibu hii nimekaa nayo muda mrefu, na wenzangu wa chumba cha walimu wameisikia vipande vipande kutoka kwa watu wengine, kila mmoja na chumvi yake, kwa hiyo leo naisimulia mwenyewe, nzima, nikiwa nimekaa, maana nachoka hata kuikumbuka. Wa kucheka acheke. Mimi nilishacheka nikamaliza, ingawa haikuwa siku ile.

Nafundisha jiografia hapa Kasulu (hilo la jiografia mlishike, ndilo linalouma zaidi). Mke wangu Stefania ni wa Kibondo, na kwao bado wanashika sana mambo ya ukwe. Mama yake, yaani mabukwe wangu kama tunavyosema kwa Kiha, hajawahi kunipa mkono. Tukikutana njiani yeye anapita upande wake na mimi nageukia wangu, nikienda kwao nawekewa kiti barazani yeye akiwa ndani, na akiwa na neno anamwambia Stefania, halafu Stefania ananiletea, hata kama ukuta uliopo katikati ni mwembamba na nimeshalisikia lote. Miaka kumi na moja tuliishi hivyo bila doa. Wakati naposa, wazee walikuwa na wasiwasi nami, walisema hawa waliosomea mjini hawana adabu ya ukwe, na Mama ndiye aliyewaambia wamwache binti aolewe, yeye ameniona na ameridhika. Heshima yangu yote Kibondo ilikaa juu ya neno lake hilo, nami niliilinda kama mtu aliyebeba trei ya mayai.

Sasa, mwaka 2013, shule zilipokaribia kufungwa, Mama akamwambia Stefania kwamba anataka kwenda kumwona Veronika, binti yake wa kwanza, aliyeolewa kwenye mji mdogo mwambao wa ziwa, kusini huko. Hawakuwa wameonana miaka tisa, magoti yalikuwa yameanza kumkatalia, na alisema asipokwenda mwaka huo hatakwenda tena. Tukaona twende naye wote wawili, iwe ndiyo likizo yetu, maana tangu tuoane likizo yetu ilikuwa kupalilia maharage. Na meli za kwenda huko zilikuwa mbili, kubwa na ndogo, ikabidi tuchague.

Stefania aliniambia nishuke Kigoma nikazione kwa macho yangu. Hapo ndipo palipoharibikia. Nilikuwa nimemaliza kusahihisha mitihani ya madarasa matatu, macho yanawasha, mgongo umekufa, na nikiwaza vumbi la ile barabara, kwenda na kurudi, nikaona hapana, Hamadi wa dagaa yupo sokoni hapa hapa, anapanda meli hizo kila mwezi, nitamuuliza yeye. Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivyo, wa mtu aliyechoka.

Hamadi ni mtu muungwana, akanipa kigoda na kahawa, nikatoa daftari na maswali yangu niliyoyapanga tangu nyumbani: vitanda, vyoo, chakula, maboya, mwendo, paa la kuzuia mvua. Akajibu moja baada ya jingine. Ile kubwa ina vyumba vya milango, wali na samaki wanapika humo humo, vyoo vinapitika, ila mwendo wake wa taratibu. Ile ndogo ni ya haraka na mpya, lakini ni mabenchi tu, watu wanakaa wanatazamana.

"Wanatazamana kabisa?" nikamuuliza.

"Magoti kwa magoti, Mwalimu."

Kwangu mjadala uliishia hapo. Mkwe na mama mkwe kukaa magoti kwa magoti mchana kutwa, mbele za watu, haiwezekani. Nilipofunga daftari Hamadi akaniuliza, "Umeniuliza yote, Mwalimu? Hakuna kingine?" Nikamwambia yote. (Ile sauti yake naisikia mpaka leo, alitaka kusema kitu, lakini nilikuwa nimeshasimama, nimevaa ule uso wangu wa darasani.)

Nyumbani nikachukua karatasi ya manila, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika juu KUBWA na NDOGO, nikaweka vema na mikasi kwa kalamu nyekundu, nikaibandika sebuleni. Kubwa ilishinda vibaya sana. Jirani aliyekuja kuomba chumvi nilimsomesha ile karatasi mpaka mboga yake ikaungua, na Mama alipofika kutoka Kibondo (alilala kwa jirani huyo, si kwangu, hilo halina mjadala) Stefania alimwingiza sebuleni nikiwa sipo, akamsomea yote. Mama akasikiliza, akasema, "Sawa."

Safari yenyewe niseme ukweli ilikuwa njema. Mama na Stefania chumba chao, mimi na muuza vitenge mmoja chumba chetu upande wa pili wa meli, chakula kikaletwa, hatukuonana hata kivuli. Nikawa natembea kwenye sitaha mikono nyuma, namweleza yule muuza vitenge (alikuwa wa Kibondo, na hili nalo mlishike) jinsi ya kuchagua meli kitaalamu. Namshukuru Mungu hakuandika.

Kesho yake asubuhi honi ikalia, meli ikapunguza mwendo, ikasimama. Nikatazama nje, nikaona mji kule mbali, nyumba ndogo ndogo na miembe, na kati yetu na huo mji, maji matupu. Nikadhani imeharibika. Nikamuuliza baharia kuna tatizo gani, akanitazama kama ninavyomtazama mwanafunzi aliyelala.

"Hakuna tatizo, mzee. Tumefika."

"Tumefika wapi? Gati liko wapi?"

"Hii haifiki kule, maji ni mafupi. Mnashukia kwenye maboti."

Mimi, mwalimu wa jiografia, mtu ninayewachorea watoto kina cha Ziwa Tanganyika ubaoni kila mwaka, sikuwa nimewaza kwamba meli kubwa inataka maji marefu. Sisi watu wa milimani tunajua basi, basi linafika stendi, unashuka. Niliuliza habari za choo, za wali, za maboya, sikuuliza watu wanashukaje.

Maboti ya mbao yakaja mbio yakigongana, watu wanaitana, mlango wa ubavuni ukafunguliwa, na chini yake ngazi ya chuma inaning'inia, na boti linapanda na kushuka. Vijana wanaruka. Stefania akatangulia na mizigo ili ampokee mama yake akiwa chini, wazo zuri kabisa, ila alipokanyaga tu lile boti likajaa, mwenye boti akalisukuma likaondoka, nikamwona mke wangu anakwenda zake huku ananyoosha mikono kwetu. Mlangoni tukabaki mimi na Mama, hatua mbili kati yetu, mtandio ameushusha mpaka puani, na mimi nimegeukia bomba la maji kwa adabu.

Likaja boti la pili. Mwenye boti akaniita, "Mzee, mshike mama yako ashuke, tunachelewa."

"Si mama yangu," nikasema.

"Ni nani?"

"Ni mama mkwe."

Watu wa ziwani wakacheka, wale wa milimani wakanyamaza, na kunyamaza kwao ndiko kulikoniumiza. Mama hakunisemesha, hata pale. Alimgeukia mwanamke asiyemjua kabisa, akamwambia, "Mwambieni huyo asiniguse. Nitabaki humu mpaka meli irudi." Yule mwanamke akanifikishia, ingawa nilikuwa pale pale. Honi ikalia tena. Baharia akasema meli haimsubiri mtu, atakayebaki atapelekwa mpaka mwisho wa ziwa. Nikaona Mama anatazama kule ufukweni, ambako Veronika bila shaka alikuwa amesimama, miaka tisa, halafu akashika ngazi mwenyewe.

Alishuka vidato viwili. Magoti yakakataa. Nilimwona anaachia mkono mmoja, na sikufikiri ukwe wala Kibondo, nilishuka nikamdaka kiunoni, nikamkumbatia kama gunia la mihogo, boti nalo likapanda likatupiga miguuni, tukaangukia ndani wote wawili, mimi chini nimekaa, yeye juu ya mapaja yangu.

Mngedhani iliishia hapo. Mwenye boti akaendelea kupakia. Akaingiza watu, kuku, magodoro na baiskeli, mpaka hapakuwa na nafasi hata ya kusogeza kiwiko, nikamwambia kwa upole kwamba huyu mama anahitaji pa kukaa, akajibu, "Si amekaa?" Basi tukaenda hivyo mpaka ufukweni, nimempakata mama mkwe, nimefumba macho, yeye amejifunika uso kwa mikono, mtandio umebaki majini unaelea, na yule muuza vitenge wa Kibondo ameketi mbele yetu anatutazama. Magoti kwa magoti.

Ufukweni Veronika alimkumbatia mama yake wakalia, na watu wakadhani wote kwamba ni furaha tu. Mimi nilikwenda kukaa nyuma ya ghala la samaki mpaka Stefania aliponifuata. Siku zote za likizo Mama hakutoka nje nikiwepo, na kurudi alikataa katakata kupanda kitu chochote cha majini, akapita barabarani, siku mbili kwenye malori, na magoti yale. Nilijua ni mimi niliyemtesa, na hapakuwa na namna ya kumwomba radhi.

Muuza vitenge alitutangulia kufika na habari. Januari haijaisha nikaitwa Kibondo. Mzee Filimoni, mdogo wake marehemu baba mkwe, alikuja kutoka Kakonko kwa ajili hiyo, akakaa barazani na wazee wengine wawili, mbuzi wangu wa faini amefungwa pale kwenye kibanda cha kuni. Mama alikuwa ndani, nyuma ya ule ukuta.

"Mwalimu, tumesikia habari," akasema Mzee Filimoni. "Tukadhani ni maneno ya mnadani."

"Ni kweli, baba."

"Ulimshika wapi?"

Nimefanya usaili wa kazi mara tatu, sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile. "Kiunoni, baba."

Wazee wakatazama chini. Akauliza, "Na yeye alikukataza, au hakukukataza?"

Nilijua jibu, na mwanamke wa melini alilijua, na muuza vitenge alilijua. Nikikiri, basi ndiyo yale waliyoyasema wakati naposa. Nikafungua mdomo nikiri, maana nilikuwa nimechoka na sikuwa na nguvu ya kudanganya, na kabla sijasema, sauti ikatoka ndani, si kwa Stefania, kwa Mama mwenyewe.

"Filimoni, mwache mtoto wa watu. Mimi ndiye niliyemwita anishike. Alikataa mara mbili, nikamlazimisha."

Wazee wote wakageuka wakautazama ukuta. Kisha Mzee Filimoni akasema kama ni hivyo yamekwisha, na mbuzi akachinjwa, kwa kuwa alishafika. Mimi sikula vizuri. Mtu anayechungulia dirishani asionwe na mkwe wake alikuwa amejitwisha aibu yangu mbele ya wazee, na mimi siruhusiwi hata kuingia mlangoni nimwambie ahsante.

Nikamtuma Stefania. Akaenda, akarudi.

"Mama anasema usimshukuru. Anasema ile meli ndogo inafunga gatini kabisa, Veronika alimwambia zamani. Watu wanashuka na ndoo kichwani."

Nikamrudisha ndani. "Sasa mbona hakusema?"

Akaingia tena, akakaa kidogo, akatoka. "Anasema hakuulizwa."

Tangu siku hiyo nimeacha kuwachagulia watu. Stefania akiniuliza hata kitambaa cha pazia namwambia kamuulize atakayelitazama. Na mwaka jana, shule zilipofunga, nilimtuma kwa mama yake na swali moja tu, bila karatasi, bila rula: Mama anapenda aende wapi likizo hii, na kwa usafiri gani, tutafanya atakavyosema yeye. Nilikaa barazani nikisubiri, nikiwasikia wanaongea taratibu kule ndani.

Jibu likaja kwamba ananishukuru sana kwa kumuuliza, lakini magoti hayapo tena, haendi popote.